Lita 2 kwa euro 50: kisa cha mizeituni ya Oliete

Mwaka 2014 lita moja ya mafuta ya zeituni ya daraja la kwanza ilipatikana katika maduka ya Uhispania kwa euro 3 hadi 4 hivi. Mwaka huohuo, katika kijiji cha Oliete, mkoani Teruel, kikundi kidogo cha watu kiliwaambia walaji wa mijini: tupeni euro 50 kwa mwaka, nasi tutawaletea lita 2. Ukigawa unapata euro 25 kwa lita, mara sita na zaidi ya bei ya dukani. Mfanyabiashara yeyote wa mafuta angecheka. Lakini walaji walikubali, na idadi yao ikafika maelfu.

Mradi wenyewe unaitwa Apadrina un Olivo, yaani kuwa mlezi wa mzeituni. Neno hilo la Kihispania limetoka kwenye ubatizo: padrino ni yule anayemsimamia mtoto kanisani na kubaki na deni la kumwangalia. Mlezi wa mti huuchagua mti wake, huupa jina akitaka, huletewa picha zake kwenye programu ya simu, na akijaliwa nafasi huenda kuutembelea. Kisa kimesimuliwa mara nyingi kama habari ya kutia moyo, na ni kweli kinatia moyo. Mimi kilichonivuta ni kitu kikavu zaidi, ile bei. Inalipia nini hasa, na haki iliyomo ndani yake ni haki kwa nani?

Kijiji na miti iliyoachwa

Oliete ipo katika vilima vikavu vya Aragón, jimbo la kaskazini-mashariki mwa Uhispania, kando ya mto Martín, yapata kilomita 100 kutoka Zaragoza. Mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa na wakazi zaidi ya 2,000. Leo wamebaki mia tatu na ushee. Mkoa mzima wa Teruel una watu 9 hivi kwa kila kilomita ya mraba, na mwaka 1999 wananchi wake walianzisha vuguvugu waliloliita Teruel Existe, "Teruel ipo". Mwaka 2019 vuguvugu hilo lilipata kiti katika bunge la Madrid. Fikiria watu wanaolazimika kuingia kwenye uchaguzi kwa hoja kwamba wapo.

Waliohama waliacha nyumba, na waliacha mizeituni. Kuzunguka Oliete ilihesabiwa zaidi ya 100,000 iliyotelekezwa, mingine ikiwa na umri wa karne kadhaa. Wenyewe au warithi wao wako mijini, kila mmoja na vijipande vyake: miti michache kwenye ngazi hii ya mlima, mingine kule bondeni. Kuuza hawauzi, maana ni ya babu, na pia hakuna wa kununua. Kuitunza hawawezi. Mradi ulitafuta njia ya katikati, makubaliano ya muda mrefu ambayo yanamwacha mwenye shamba na shamba lake huku asasi ya mradi ikichukua kazi ya kuitunza miti.

Mzeituni ulioachwa haufi, na ndiyo shida yake. Aina ya huku inaitwa Empeltre, jina lililotokana na neno la Kikatalani la kubebesha miche, kwa sababu tangu zamani mti huu huzalishwa kwa kubebeshwa juu ya shina jingine. Ukiuacha bila msumeno miaka kumi, machipukizi yanatoka kwenye miguu ya shina kwa mamia, membamba, yaliyonyooka kama fito. Mara nyingi hayo ya chini ya kiungo si Empeltre tena, ni ya shina mama la mwituni. Yanakunywa maji na chakula cha mti wote. Huku juu matawi yanafungana hadi jua haliingii katikati, na zeituni chache zinazopatikana ni ndogo, tena ziko kwenye ncha za juu ambako hakuna mkono unaofika. Kiangazi chote kuni hizo zimesimama mlimani zikingoja cheche.

Kuufufua mti wa namna hiyo ni kazi ya siku kwa watu wawili au zaidi: kukata machipukizi yote mpaka kwenye shina, kuondoa matawi makavu, kufungua moyo wa mti, kisha kubeba na kusaga uchafu wote ule, ambao ni mwingi kuliko mti unaobaki. Anayepita njiani baada ya hapo ataona kisiki chenye matawi matatu manne na atadhani umeharibiwa. Kisha unangoja. Mazao ya maana hayarudi msimu ule, wala pengine unaofuata. Miaka 2 au 3 ni kawaida. Katika miaka hiyo mlezi analetewa lita zake 2, nazo hazijatoka kwenye mti aliouchagua.

Hesabu ya mti mmoja

Tuufanyie hesabu mti ambao umeshapona. Namba hizi ni za mfano, lakini haziko mbali na hali ya mlimani kwa kilimo cha kutegemea mvua.

Tuseme umetoa kilo 20 za zeituni. Kilo 5 hivi hutoa lita moja ya mafuta, kwa hiyo ni lita 4, na kwa kuwa mafuta ni mepesi kuliko maji, uzito wake ni kama kilo 3.7. Mwanzoni mwa mwaka 2020 bei ya jumla ya mafuta yakitoka kinuni ilikuwa euro 2 hivi kwa kilo. Mti wetu basi umeingiza euro 7 na senti kidogo kwa mwaka mzima. Humo ndani toa malipo ya mpogoaji, ya waliolima na kupalilia, nyavu, mafuta ya gari la kupanda mlima, vibarua wa kuvuna, na ada ya kinu. Huna haja ya kuimaliza hesabu. Ni wazi kwa nini watu walihama, na ni wazi kwa nini wakulima walijaa barabarani na matrekta Uhispania nzima majira yale ya baridi.

Sasa ichukue hesabu hiyohiyo uipeleke Januari 2024, bei ya jumla ilipokaribia euro 9 kwa kilo, kiwango ambacho soko halikuwahi kukiona. Mti uleule, mafuta yaleyale: euro 33. Kwa hiyo hata katika kilele cha bei zote, zao zima la mti huo halifiki euro 50, na gharama bado hatujazigusa.

Hapo ndipo ile bei ya kuchekesha ilipoanza kunielea. Euro 50 si bei ya mafuta. Ni bei ya mwaka mmoja wa mti, na waanzilishi wa Oliete walichofanya ni kubadilisha kipimo cha biashara, kutoka lita kwenda mti. Ukiuza kwa lita unapambana na kila anayeuza lita. Na anayeuza lita kwa bei ya chini kabisa ni mwenye shamba la kisasa la tambarare: miti 1,500 hadi 2,000 kwa hekta, imepandwa mistari iliyobanana kama ua wa nyumba, inamwagiliwa kwa mipira ya matone, na mashine inapita juu ya mstari ikiukumbatia na kuuvuna kwa dakika. Kule mlimani hekta ina miti 100, au pungufu. Mvunaji anatandika wavu chini, anachukua fimbo au kifaa cha mkono chenye vidole vinavyotikisika, anapiga tawi baada ya tawi, anakusanya, anakunja wavu, anauburuta hadi mti wa pili, tena kwenye mteremko. Wote wawili wanaleta sokoni kimiminika kimoja na wanalipwa kwa kilo bei moja. Hiyo bei haijui kitu kuhusu mteremko.

Ukiuza kwa mti, mashine haina la kusema. Hakuna anayetaka kuwa mlezi wa mti namba 1,437 kwenye ua wa tambarare.

Pesa inafika lini

Kipimo ni nusu ya jambo. Nusu nyingine ni kalenda, na watu wanaozungumzia bei ya haki huiruka mara kwa mara. Mkulima mdogo wa zeituni hupogoa mwishoni mwa majira ya baridi, hulima masika, hupalilia, huvuna kuanzia Novemba, kisha ushirika unauza pole pole na kumlipa miezi mingi baadaye. Anaweza kukaa na gharama zake zaidi ya mwaka. Akipata bei nzuri mwishoni, sehemu yake ilishaliwa na riba au na jirani aliyemkopesha dizeli. Mlezi analipa kabla. Euro zake 50 zinafika wakati msumeno unahitajika.

Wazo hilo ni kongwe kuliko Oliete. Huko Japani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, familia za mijini zilianza kuungana moja kwa moja na wakulima kwa utaratibu unaoitwa teikei. Marekani ulianza kwenye miaka ya 1985 na 1986, Massachusetts, ambako Robyn Van En wa shamba la Indian Line ni miongoni mwa waliouanzisha. Ufaransa ulifika 2001 kwa jina la AMAP, yaani vyama vya kudumisha kilimo cha wakulima wadogo, katika Provence, kupitia shamba ambalo kwa bahati tu linaitwa Les Olivades, jina lenye mizeituni ndani yake, ingawa umaarufu wake ni wa mboga. Katika yote, mlaji hulipa msimu kabla ya msimu.

Lakini AMAP ina kitu ambacho Oliete haina, na tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Katika AMAP mkulima huweka mezani gharama za shamba lake kwa mwaka, pamoja na mshahara wake, kisha jumla hiyo inagawanywa kwa idadi ya wanachama. Bei inatoka shambani kwenda kwa mlaji. Euro 50 haina sura ya namba iliyotoka shambani. Ni namba ya mviringo inayokaa vizuri mfukoni mwa mlaji na kwenye kadi ya zawadi ya Krismasi, na hata ilipopandishwa baadaye hadi euro 60 mviringo ulibaki. Siilaumu, maana bei isiyouzika haimsaidii mkulima. Ila tuite kitu kwa jina lake. Hii ni bei ambayo mlaji yuko tayari kuilipa, iliyotokea kuwa kubwa kiasi cha kutosha gharama. Siku gharama zikipanda kuliko moyo wa mlaji, hakuna kikao cha wanachama cha kuzigawana upya.

Nani anabeba baridi

Januari 2021 dhoruba ya Filomena ilifunika Uhispania kwa theluji, na baada ya theluji ikaja baridi kali kwa siku kadhaa mfululizo. Katika Bajo Aragón, kanda ambayo Empeltre ndiyo roho yake, mizeituni iliungua kwa baridi. Majani yalikauka, magome yalipasuka, na miti mingi ikalazimika kukatwa matawi makubwa ili ianze upya. Mzee wa mizeituni wa kanda ile atakuambia mara moja kwamba kipimo cha baridi ni Februari 1956, iliyoua mizeituni kutoka Catalonia hadi Provence. Majanga ya aina hii yapo kwenye kalenda ya zao hili. Hayana tarehe tu.

Sasa uirudie ahadi: lita 2, kila mwaka. Ahadi hiyo haisemi "sehemu yako ya mavuno". Inataja ujazo. Katika teikei na katika AMAP mlaji anajua kwamba mvua ya mawe ikipiga, kikapu chake kitakuwa chepesi mwaka huo, na hilo ndilo alilolilipia, kusimama upande mmoja na mkulima mbele ya hali ya hewa. Ahadi ya ujazo ni ahadi ya duka. Baridi ikija, anayebaki nayo mkononi ni aliyeahidi, yaani upande wa mkulima. Mlaji ametoa pesa mapema, jambo la thamani sana, lakini hasara ya mavuno haijamfika.

Naamini watetezi wa mfumo watanijibu hapa kwamba mafuta ya wote huchanganywa, na watakuwa na haki. Kinu cha kawaida cha biashara hakikamui kilo 20 za mti mmoja peke yake. Zingepotelea kwenye kuta za mashine. Zeituni zote huingia pamoja, zinasagwa, rojo linazungushwa pole pole mpaka matone ya mafuta yashikamane, kisha mashine ya kuzungusha kwa kasi inatenganisha mafuta na maji na makapi. Chupa ya mlezi inatoka kwenye pipa la wote. Mti uliobeba vizuri unaufidia mti uliopumzika, na mizeituni hupumzika kweli: mwaka wa neema hufuatwa na mwaka wa ukame wa matunda, hata mvua ikiwa nzuri. Mti ambao bado uko kwenye miaka yake ya kungoja baada ya kupogolewa unabebwa na wenzake. Kwa hiyo, chini ya hadithi ya "mti wangu" yenye picha na jina, kuna mfuko wa pamoja, nao unafanya kazi ya bima vizuri sana.

Nakubali. Lakini mfuko huo unatibu mti mmoja mmoja. Hautibu baridi inayopiga bonde zima. Kwa hilo inabidi mtu anunue mafuta nje ili atimize ahadi, au aseme ukweli kwa barua. Ningependelea barua, tena iwe ndani ya mkataba tangu siku ya kwanza: lita 2 ni lengo, mwaka wa janga zinaweza kuwa moja, na kima cha chini cha malipo hakishuki. Wapo watakaoondoka. Watakaobaki ndio walezi.

Jirani asiyeacha mti wake

Hili ndilo eneo linaloniwasha zaidi. Mfumo wa ulezi umejengwa juu ya mti uliotelekezwa. Picha ya kabla na baada ndiyo inayouza, kichaka cha fito upande huu na mti ulionyooka upande ule. Sasa mfikirie mkulima wa miaka 68, katika kijiji chochote cha milima ya Teruel, ambaye hakuhama. Amepogoa kila Februari. Miti yake haina fito wala huzuni ya kupigwa picha. Anapeleka zeituni zake ushirikani na analipwa bei ya soko, ileile iliyotufikisha euro 7. Upande wa pili wa ukuta wa mawe, miti ya binamu yake aliyehamia mjini inalipiwa euro 50 au 60 kila mmoja.

Simtuhumu mtu. Mradi wa Oliete umeleta ajira kijijini, zikiwamo za watu wenye ulemavu wa akili, na una kinu chake. Familia zilizohamia kwa ajili ya kazi zimesaidia shule ya kijiji isifungwe, na shule ikifungwa mahali kama pale kijiji hakirudi. Mkulima yule wa miaka 68 ananufaika na shule na kinu na moto usiowaka ng'ambo ya ukuta. Lakini bei yake haijaguswa. Mtu akitaka kuiga mfumo huu kwingine, ningemwomba aanzie kwake: nusu ya walezi wapewe miti iliyookolewa, nusu nyingine miti ambayo haikuwahi kuachwa. Najua ni ngumu kuiuza. Hadithi ya mtu aliyeendelea tu na kazi haina kabla na baada.

Mtu atauliza, si kuna sheria? Ipo. Baada ya matrekta ya mwanzoni mwa 2020, serikali ilibadilisha sheria ya mnyororo wa chakula mwezi Februari, na bunge likaikamilisha Desemba 2021. Kiini chake ni kwamba kila anayenunua kwenye mnyororo lazima amlipe anayemuuzia bei isiyopungua gharama halisi za uzalishaji. Kwa maneno ni bei ya haki yenyewe, imeandikwa kwenye gazeti la serikali. Kwa mkulima wa mlimani ina matundu mawili. La kwanza, sehemu kubwa ya mafuta ya Uhispania hupitia vyama vya ushirika, na mwanachama anapopeleka zeituni kwenye ushirika wake haandikiani mkataba wa mauzo kama na mgeni. Ushirika unauza, unatoa gharama, unamgawia kinachobaki. La pili ni baya zaidi. Sheria inamkataza mnunuzi kukulipa chini ya gharama zako, lakini haimlazimishi anunue kwako. Gharama zako zikiwa juu, anakwenda tambarare, na hajavunja kifungu chochote.

Alama ya Fairtrade, yaani biashara ya haki, inafika mbele kidogo. Mafuta ya zeituni ya Palestina yaliipata mwaka 2009, ya kwanza ya zao hilo duniani, na utaratibu wake unafahamika: kima cha chini ambacho bei haishuki chini yake hata soko likianguka, pamoja na nyongeza ambayo wakulima wenyewe huamua ifanye kazi gani. Ni ngao nzuri dhidi ya mwaka wa bei mbaya. Bado lakini inahesabu kwa kilo, na anayehesabu kwa kilo mwaka usio na kilo hana cha kuhesabu.

Mwaka usio na kilo

Na mwaka huo ulikuja, ukaja mara mbili mfululizo. Msimu wa 2021/22 Uhispania ilitoa karibu tani milioni 1.5 za mafuta. Ukame na joto la wakati wa maua vikaufanya msimu wa 2022/23 kuwa tani 665,000 hivi, chini ya nusu, na uliofuata haukupona sana. Ndiyo sababu ya ile euro 9 ya Januari 2024. Dukani lita ilivuka euro 10 katika maduka mengi, chupa zikafungwa vifaa vya kuzuia wizi, na serikali ikapunguza kodi ya mafuta ya zeituni hadi sifuri mwezi Julai 2024.

Magazeti yaliandika kuhusu wakulima kutajirika. Soma tena sentensi ya juu: bei ilipanda kwa sababu mafuta hayakuwapo. Mwenye maji ya kumwagilia alikuwa na cha kuuza kwa euro 9. Wa mlimani anayengoja mvua aliitazama bei hiyo kama mtu mwenye njaa anavyotazama karamu dirishani. Mti uliotoa kilo 5 badala ya 20 ulimwingizia euro 8, karibu sawasawa na mwaka wa bei mbovu. Mavuno yakipanda bei inashuka, mavuno yakishuka bei inapanda, na mkulima mdogo anapigwa na kila upande wa mzani. Mvua iliporudi msimu wa 2024/25, uzalishaji ukapanda hadi karibu tani milioni 1.4 na bei ya jumla ikaporomoka hadi kukaribia euro 4 ndani ya miezi michache.

Malipo ya mlezi katika miaka hiyo yote hayakutikisika na soko. Mlezi aliyekuwa analipa mara sita ya bei ya dukani alijikuta mwaka 2024 analipa mara mbili na nusu hadi tatu hivi, na wengine bila shaka walijipongeza kwa kununua mapema. Sitaki kuwaharibia furaha, ila walichokinunua hakikuwa punguzo. Malipo ya kwa mti yalikuwa kitu pekee katika mnyororo mzima ambacho hakikuuliza kama mwaka ni wa mvua.

Udhaifu wake uko mahali pengine, kwenye neno "mwaka". Ulezi mwingi hutolewa kama zawadi. Mtu anampa dadake mzeituni siku ya kuzaliwa, dada anafurahi, anauita jina la paka wake, anapokea lita 2, na mwaka wa pili hakuna anayekumbuka zamu ya kulipa ni ya nani. Mti hauna utaratibu wa zawadi. Unataka kupogolewa tena, na fito za chini zinachipua kila masika, iwe umelipiwa au la. Makubaliano na mwenye shamba ni ya miaka na miaka, ilhali makubaliano na mlaji ni ya miezi 12. Pengo hilo la kalenda ndilo hatari kubwa ya biashara hii, kubwa kuliko baridi, na ningelipunguza kwa kuuza ulezi wa miaka 3 kwa pamoja, ule muda ambao mti unauhitaji kurudi kazini, hata kama wateja wataonekana wachache kwenye ripoti.

Tumalizie na namba, maana kisa kilianza na namba. Miti iliyofufuliwa Oliete imevuka 10,000, kati ya ile 100,000. Ili yote ipate mlezi kwa bei ya mwanzo zingehitajika euro milioni 5 kwa mwaka na watu 100,000. Mafuta ambayo wangedai ni lita 200,000, sawa na tani 183 hivi, katika nchi ambayo mwaka mzuri hutoa tani milioni 1.4.